Fremu ya dhahabu bila dhahabu: kwa nini foili ya jikoni inaishinda rangi ya kopo

Nyumbani kwetu kuna picha moja tu ya babu. Ni ya studio, nyeusi na nyeupe, amevaa kanzu na koti, ameshika mgongo wa kiti ambacho bila shaka kilikuwa cha mpiga picha. Nakala nyingine hakuna. Miaka miwili iliyopita mama aliniomba niitafutie fremu "ya dhahabu, kama zile za watu wakubwa". Mimi, kwa ujuaji wa mtu anayesomea sayansi ya vifaa, nikanunua fremu ya mbao ya kawaida na kopo la rangi ya kupuliza lililoandikwa dhahabu, nikamaliza kazi kwa dakika kumi.

Siku ya kwanza ilipendeza, hasa ukiwa umesimama mbali. Ukisogea karibu ilikuwa njano iliyofifia yenye chembechembe, kama ukuta uliopakwa rangi halafu mtu akaupulizia vumbi la pambo. Mwaka haujaisha, zile pembe mbili ambazo mama huzishika anapofuta vumbi zikageuka kahawia, na ndani ya ule ukahawia kukawa na ukijani. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba fremu imezeeka kuliko babu.

Basi nikairudia, safari hii kwa kufikiri kwanza. Nilichokuja kutumia ni foili ya jikoni, gundi nyeupe ya mbao, pasi na vanishi, na ukiondoa fremu yenyewe sikufika elfu ishirini. Lakini kabla sijakueleza namna ya kuifanya, lazima tuelewane kwa nini lile kopo lilinidanganya, maana kila hatua ya kazi inatoka hapo.

Dhahabu ni kioo chenye rangi

Embe bivu ni la njano. Binzari ni ya njano. Hakuna anayeviona akasema hii ni dhahabu. Kinachofanya jicho liseme "dhahabu" ni mambo mawili yanayotokea pamoja: mwanga unarudi kama unavyorudi kwenye kioo, na ukirudi unakuwa umepungukiwa bluu.

Tuanze na lile la kioo. Ukuta mweupe unarudisha mwanga mwingi sana, pengine kuliko sufuria kuukuu. Lakini ukuta unautawanya kila upande, kwa hiyo huoni sura yako humo. Metali laini inaurudisha kwa mpangilio: miale iliyoingia kwa pembe fulani inatoka kwa pembe ileile. Ndiyo maana kitu cha metali kinabadilika unapotembea. Sehemu iliyokuwa inang'aa inazima, nyingine inawaka. Jicho limezoea hilo, na linalitumia kutambua metali hata kabla ya kutazama rangi.

Ili mwanga urudi kwa mpangilio, vilima na mabonde ya uso lazima yawe madogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, ambao kwa mwanga tunaouona ni kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Yaani chini ya elfu moja ya milimita. Mbao uliyoipiga msasa mzuri kabisa, ukaigusa na kuona ni laini kama hariri, kwa mwanga bado ni safu ya Uluguru.

Sasa rangi. Fedha na alumini hurudisha mawimbi yote tunayoyaona karibu kwa usawa, ndiyo maana ni nyeupe. Alumini hurudisha takriban asilimia 90. Dhahabu inarudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga mwekundu, lakini ukifika kwenye bluu inashuka hadi chini ya asilimia 40. Toa bluu kwenye mwanga mweupe, unabaki na njano yenye joto.

Kwa nini dhahabu inaimeza bluu na fedha haiimezi, wakati ziko safu moja kwenye jedwali la elementi? Hapa nitapita haraka, ingawa ni moja ya mambo matamu kabisa ya kemia. Kiini cha atomu ya dhahabu kina protoni 79, na mvuto wake unazilazimisha elektroni za ndani kwenda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo nadharia ya uhusianifu ya Einstein si mapambo tena. Inabadilisha nishati za elektroni za nje, kiasi kwamba pengo ambalo kwenye fedha linahitaji miale ya urujuanimno, kwenye dhahabu linatoshelezwa na mwanga wa bluu. Bila uhusianifu, pete ya ndoa ingekuwa nyeupe.

Kopo lina nini ndani

Rangi nyingi za "dhahabu" hazina dhahabu, na hilo si siri. Nyingine zina vipande vidogo bapa vya shaba iliyochanganywa na zinki. Nyingine zina maika, yale madini yanayobanduka kama karatasi, yaliyovishwa utando mwembamba wa oksidi za titani na chuma. Zote mbili ni ubunifu mzuri. Shida ni namna zinavyolala.

Fikiria umemwaga vioo vidogo elfu moja sakafuni. Vingine vimelala chali, vingine vimeegemeana, vingine vimesimama kwa ubavu. Kila kimoja ni kioo kamili, lakini kwa pamoja sakafu yako si kioo. Ndivyo rangi inavyokauka: kila kipande kinatazama upande wake, na juu yake kuna plastiki ya rangi inayoutawanya mwanga zaidi. Unapata njano yenye chembe zinazometameta. Jicho halidanganyiki. Linaona nusu ya ishara ya metali, na linaishia kusema "rangi ya dhahabu", si "dhahabu".

Na zile pembe za kahawia? Rangi yangu ilikuwa ya shaba. Jasho la mkono lina chumvi na asidi kidogo, hewa ya pwani ina unyevu na chumvi yake, na shaba haivumilii hayo bila kujibu. Kwanza inakuwa kahawia kwa oksidi, kisha inaanza kutoa ule ukijani unaouona kwenye bomba la zamani. Kama ningeifunika kwa vanishi ingedumu zaidi, lakini bado ingebaki vioo elfu moja vilivyomwagwa.

Wenyewe walifanyaje

Mafundi wa zamani hawakupaka dhahabu, waliivisha. Dhahabu hufuliwa hadi inakuwa karatasi yenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya maikromita. Ukiishika mbele ya taa inapitisha mwanga, na mwanga huo ni wa kijani, jambo ambalo Michael Faraday alilichunguza kwa makini huko London miaka ya 1850. Kwa unene huo gramu moja ya dhahabu inatandaza nusu mita ya mraba. Piga hesabu uone: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, kwa hiyo gramu moja ni sentimita za ujazo 0.052, ukiigawa kwa unene huo unapata sentimita za mraba 5,200 hivi. Fremu ya picha ya sentimita 30 kwa 40 yenye ubao wa upana wa vidole vitatu inahitaji chini ya robo gramu.

Nilipofika hapo kwenye hesabu nilishtuka kidogo, maana siku zote nilidhani ughali wa fremu hizo ni dhahabu yenyewe. Kumbe sehemu kubwa ni kazi. Chini ya dhahabu kuna tabaka baada ya tabaka za chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, kila moja inakaushwa na kusuguliwa, lengo likiwa kuvifukia vile vilima vya mbao. Juu yake unapakwa udongo mwekundu laini wenye oksidi ya chuma, ambao unaipa dhahabu joto na unaifanya ikubali kusuguliwa kwa jiwe la akiki hadi iwake. Karatasi yenyewe haishikiki kwa vidole, na ukipumua vibaya inaruka.

Njia ya zamani zaidi haikuhitaji hata gundi. Kifaru mdogo wa dhahabu wa Mapungubwe, Afrika Kusini, wa karne ya 13, alikuwa kinyago cha mbao kilichovikwa bati jembamba la dhahabu na kupigiliwa vipini vidogo vya dhahabu. Mbao ilioza kaburini, dhahabu ikabaki na umbo la kifaru. Hiyo ni nchi ileile ya ndani ambayo dhahabu yake ilikuwa ikishuka hadi Sofala na kufanyiwa biashara na watu wa Kilwa, kwa hiyo tusidhani sanaa hii ni ya Ulaya peke yake.

Kuna njia moja naitaja ili usiijaribu. Kwa metali, mafundi waliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki, wakapaka ule ujiuji juu ya shaba au fedha, kisha wakauchoma moto zebaki ikaondoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Inang'aa sana na inashika sana. Pia iliwaharibu mafundi neva, figo na meno kwa karne nyingi. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaochoma dhahabu na zebaki kwenye karai wanafanya kemia hiyohiyo kabisa, na mvuke ni uleule. Ukikuta maelekezo ya "kuchovya dhahabu nyumbani" yanayotaja zebaki, funga ukurasa.

Kioo cha bei rahisi, kichujio cha bei rahisi

Turudi kwenye yale mambo mawili: kioo, na kupungua kwa bluu. Hakuna sheria inayosema kitu kimoja lazima kifanye yote mawili. Unaweza kuchukua kioo cheupe chochote na kukifunika kwa kitu cha njano kinachopenya mwanga. Mwanga unapita kwenye njano ukienda, unagonga kioo, unapita tena kwenye njano ukirudi. Unatoka na rangi ya dhahabu na mpangilio wa kioo.

Mafundi wa Ulaya walilijua hili tangu zamani, wakitumia karatasi za fedha au bati na kuzipaka vanishi ya njano pale mteja alipokuwa na fedha ndogo, au pale fundi alipotaka faida kubwa. Na wewe umeshaishika kazi hii mkononi. Ile karatasi ya dhahabu inayofungwa chokoleti ni alumini yenye vanishi ya rangi. Ikwangue kwa ukucha upande wa dhahabu na utaona nyeupe inachungulia.

Foili ya jikoni ni kioo kizuri kwa bei ya soko. Ina sifa nyingine tunayoihitaji: alumini hujivika yenyewe utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, unaopenya mwanga, na utando huo ukishakaa unazuia hewa kuendelea kuila. Fedha ingegeuka nyeusi kwa salfa ya hewani, shaba tumeshaiona. Alumini inakaa.

Na kichujio? Hapa kuna hesabu ndogo ambayo ndiyo iliyoniambia nipake mikono mingapi. Tuseme mkono mmoja wa vanishi yako unapitisha asilimia 80 ya bluu. Mwanga unapita mara mbili, kwa hiyo mkono mmoja unarudisha 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 64. Mikono miwili ni 0.8 mara nne zikizidishwa zenyewe, unapata asilimia 41. Hapo umeshafika jirani kabisa na dhahabu halisi. Mikono mitatu ni asilimia 26, imeshaanza kuwa shaba. Vanishi yako haitakuwa na 0.8 hasa, lakini umbo la hesabu ni hilohilo: rangi haiongezeki kwa kujumlisha, inaongezeka kwa kuzidisha, ndiyo maana mkono mmoja wa ziada unaweza kuiharibu kazi iliyokuwa nzuri. Paka mikono myembamba, simama, tazama.

Jaribu hili kabla ya kugusa fremu. Gundisha kipande cha foili juu ya nusu ya kadi nyeupe, halafu paka vanishi ileile juu ya foili na juu ya kadi kwa pamoja. Upande mmoja utapata dhahabu. Upande wa pili utapata doa la chai. Vanishi ni moja, kilichobadilika ni kilichoko chini.

Kazi yenyewe

Chagua fremu yenye uso bapa au uliopinda upande mmoja tu, kama bomba. Hili si suala la ladha. Karatasi inakubali kuzunguka bomba bila kukunjamana, lakini haikubali kuvaa mpira, na mwanahisabati Gauss alithibitisha kwa nini karne mbili zilizopita. Dhahabu halisi inavumilia nakshi kwa sababu ni nyembamba mno. Foili ya jikoni ina unene wa maikromita 16 hivi, mara 160 ya karatasi ya dhahabu, kwa hiyo kwenye maua na majani ya kuchonga utapata mikunjo tu. Ukiona fremu yenye nakshi nzuri, iache hivyo ilivyo.

Piga msasa, wa wastani kwanza kisha mzuri. Ziba mashimo kwa puti. Huna haja ya zile tabaka za chaki, kwa sababu foili inakuja na ulaini wake kutoka kiwandani, lakini punje yoyote ya mchanga iliyobaki chini itajitokeza kama kipele. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, subiri ikauke. Kisha paka mkono mmoja wa rangi ya maji ya ukutani, nyekundu ya udongo. Hiyo ni heshima kwa mafundi wa zamani, lakini pia ina kazi: mahali vipande vya foili vitakapoachana kidogo, badala ya kuona mbao utaona mstari mwekundu mwembamba, na mtu atadhani ni dhahabu ya zamani iliyochakaa kwa heshima.

Sasa gundi, na hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Gundi nyeupe ya mbao ni matone madogo ya plastiki yaliyoelea kwenye maji. Inashika maji yanapoondoka. Mimi nilipaka gundi, nikalaza foili ikiwa bado mbichi, nikaisugua vizuri, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi foili ilikuwa inateleza kama ngozi ya maziwa. Bila shaka! Maji hayapiti kwenye metali. Njia pekee ya kutoka ilikuwa kuingia ndani ya mbao, nayo nilikuwa nimeshaiziba kwa rangi. Siku tatu baadaye katikati bado palikuwa na weupe, na viputo juu.

Dawa yake ni kuyaacha maji yaondoke kwanza. Paka gundi nyembamba kwenye fremu, na nyembamba zaidi mgongoni mwa foili, acha zote mbili zikauke kabisa hadi gundi ipoteze weupe na kuwa angavu. Halafu zikutanishe na zipige pasi. Plastiki ya gundi hii huanza kulegea kwenye nyuzijoto 30 hadi 40 hivi, na kwa joto la pasi inakuwa laini kiasi kwamba pande mbili zinaungana kuwa moja. Ikipoa imeshika, na hakuna maji ya kusubiriwa. Washa pasi kwenye joto la kati bila mvuke, weka karatasi nyeupe ya kawaida juu ya foili ili isikwaruzwe, anza katikati ya kipande ukielekea nje ili hewa itoke. Sekunde kumi hadi kumi na tano kila mahali zinatosha, kisha sugua kwa kitambaa cha pamba wakati ingali vuguvugu.

Mgongo wa foili ni upi? Foili ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na hadithi za mtaani kuhusu upande upi ugusane na chakula hazina msingi. Kiwandani, katika kubanwa kwa mara ya mwisho, foili mbili hupitishwa pamoja kati ya roli kwa sababu moja peke yake ingechanika. Upande uliogusa roli iliyong'arishwa unang'aa, pande mbili zilizogusana zinafifia. Kwetu sisi, uliofifia uende chini, gundi inaupenda zaidi. Ukitaka dhahabu tulivu isiyopiga kelele sebuleni, geuza. Nilijaribu zote, na nakiri fremu ya upande uliofifia inaonekana ya gharama zaidi.

Kata foili kwa vipande virefu vinavyofuata ubao, vipana kidogo kuliko uso ili vikunjwe ubavuni. Kwenye pembe zile za kukata mshazari, acha kila kipande kiishie kwenye mstari wa kiungo, usikiviringishe. Wembe mpya, si ule wa juzi.

Vanishi inafuata. Futa foili kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kuondoa mafuta ya vidole, la sivyo vanishi itakusanyika matone. Tafuta vanishi ya mbao yenye rangi nyepesi ya asali, isiyo nzito kama chokoleti. Njano tupu ya limau haifai, inatoa dhahabu baridi yenye ukijani, kwa sababu dhahabu halisi haimezi bluu peke yake, inaonja na kijani pia. Ukibahatika kupata shelaki, ule utomvu wa wadudu wa India na Thailand unaoyeyushwa kwa spiriti, itumie. Rangi yake ya chungwa imefaa kazi hii kwa karne nyingi. Fungua madirisha, zima jiko, na usifanye kazi hii chumba kimoja na mtoto mchanga. Mvuke wa vanishi na spiriti unashika moto, na hautoi taarifa kwanza.

Kuhusu manjano ya jikoni

Najua mtu atauliza, kwa sababu na mimi nilijiuliza: kwa nini tusitie manjano? Rangi yake inayeyuka vizuri kwenye spiriti, haitaki maji, na mafundi wa vanishi wa zamani waliitumia kweli. Nikaloweka kijiko cha manjano kwenye spiriti, nikachuja, nikachanganya na vanishi angavu. Ilitoka dhahabu nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nzuri hadi nikawapigia picha wenzangu wa maabara.

Nikakata vipande viwili, kimoja nikakiweka dirishani, kingine ndani ya daftari. Baada ya wiki mbili kile cha dirishani kilikuwa kimebaki na njano hafifu sana, karibu kurudi foili tupu. Molekuli inayoipa manjano rangi inavunjwa na mwanga, hasa wa jua, na ikivunjika hairudi. Kwa mapambo ya siku ya sherehe, tumia manjano bila wasiwasi. Kwa picha ya babu, hapana. Rangi zinazotokana na oksidi za chuma, ambazo ndizo zilizomo kwenye stein nyingi za mbao za kahawia na njano, zimeshakutana na oksijeni zote walizotaka kukutana nazo. Jua haliziondoi.

Kabla ya kuirudisha picha

Hapa naomba usikimbie, kwa sababu fremu ikiharibika unatengeneza nyingine. Gundi ya mbao inatoa mvuke kidogo wa asidi asetiki, ile ya siki, na vanishi mbichi inatoa mvuke wake kwa siku nyingi hata baada ya kukauka kwa kidole. Karatasi ya picha ya zamani haipendi vyote viwili. Iache fremu wiki mbili mahali penye hewa, hadi ukiinusa kwa karibu usisikie kitu. Weka kipande cha kadi kati ya picha na kioo ili picha isiguse kioo, maana kwenye unyevu wa kwetu hunata, na ukijaribu kuibandua inabaki na kioo sura ya mtu.

Na kabla ya yote hayo, piga nakala ya picha. Hata kwa simu, mchana, kivulini, simu ikiwa sambamba na picha. Mimi niliifanya kazi yote ya fremu ya kwanza, ya pili na ya tatu huku picha pekee ya babu ikiwa imelala mezani kwenye bahasha ya kaki, pembeni ya kopo la spiriti. Nikikumbuka hilo ndiyo nakasirika, si zile pembe za kahawia.

Fremu sasa ina miezi kumi na minne ukutani, mkabala na mlango lakini si mkabala na dirisha, kwa sababu gundi inayolegea kwa joto la pasi haitashukuru kupigwa jua la saa nane kila siku. Rangi haijabadilika kwa kuilinganisha na kipande nilichokihifadhi kwenye daftari. Kuna mkwaruzo mmoja chini kushoto, wa ufagio, unaoonyesha nyeupe ya alumini. Nitaugusa kwa brashi ndogo na tone la vanishi, mikono miwili.